Upanga wa Ulaya, Mpini wa Jembe na Makadara

Leo naweka kando habari za seva na programu, niandike historia. Lakini usikimbie. Ukifika mwisho utaona sikwenda mbali na kazi yangu ya kila siku.

Hapa Makadara watu wakijua kwamba jioni moja moja nasoma vitabu vya Wazungu vya kupigana kwa upanga, vya miaka 500 au 600 iliyopita, swali huwa ni moja: hayo yanatuhusu nini sisi? Ni swali zuri na sitalikwepa. Jibu langu fupi ni hili. Mimi ni mtengenezaji wa programu. Hakuna kazi inayoniumiza kichwa na kunifurahisha kwa pamoja kama kupewa mfumo ambao waliouunda wameshaondoka, nyaraka zake zimebaki nusu, na hakuna mtu hai aliyewahi kuuona ukifanya kazi. Sanaa za kihistoria za mapigano za Ulaya, ambazo wenyewe huzifupisha HEMA, ni mfumo wa aina hiyo hasa. Jibu refu ndilo makala haya, na sehemu yake ya mwisho inatugusa sisi wenyewe.

Kilichokufa na kilichobaki

Tuanze na jambo ambalo sinema zimelificha. Ulaya ya zama za kati haikuwa na watu waliogongana vyuma ovyo mpaka mmoja achoke. Ilikuwa na walimu waliolipwa, wanafunzi waliofuata daraja, majina ya mikao, majina ya mapigo, na mabishano makali kuhusu shule ipi ni bora. Upanga wa mikono miwili waliofundishia haukuwa nondo ya ujenzi. Mingi iliyobaki kwenye makumbusho ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, au pungufu. Ni kifaa chepesi, kilichopimwa vizuri, na kinahitaji akili kuliko misuli.

Kisha mambo yakabadilika. Bunduki ikachukua uwanja wa vita. Mjini, upanga ukapungua ukawa kijiti cha chuma cha mabwana, halafu ukawa mchezo. Mwalimu alipokufa bila mwanafunzi, silsila ikakatika. Kufikia karne ya 19 hapakuwa na mtu Ulaya aliyefundishwa upanga mrefu na mwalimu aliyefundishwa na mwalimu mwingine hadi nyuma kule. Kamba ilishakatika, ncha zote mbili zikabaki zinaning'inia.

Si kila kitu kilikufa. Mchezo wa vitara unaouona kwenye Olimpiki, na ambao umekuwamo tangu michezo ya 1896, ni mjukuu wa shule za Ufaransa na Italia. Ureno bado wana mchezo wao wa fimbo ndefu, jogo do pau, ambao haukukatika. Na kuna tawi jingine moja hai, ambalo wewe msomaji wa Eastlands unalijua sana ila hukulidhania kuwa ni ndugu wa upanga. Nitalifikia.

Vitabu vyenyewe

Kwa kuwa walimu wamekufa, kilichobaki ni vitabu. Na vitabu ni vingi. Nitataja vichache ambavyo anayeanza atakutana navyo tu, apende asipende.

Kilicho cha kale kuliko vyote tulivyonavyo kinaitwa I.33, ikiwa ni namba ya rafu tu. Kiliandikwa Ujerumani karibu na mwaka 1300, kwa Kilatini chenye maneno ya Kijerumani ndani yake. Kina karatasi 32 za ngozi, na kinafundisha upanga wa mkono mmoja na ngao ndogo kama sahani. Wanaopigana humo si mashujaa wenye deraya. Ni padri na mwanafunzi wake, wamevaa kanzu zao. Katika kurasa za mwisho anaingia mwanamke, na jina lake limeandikwa: Walpurgis. Haelezwi kama kichekesho wala ajabu. Yumo kama mpiganaji, basi. Mswada huu ulikuwa katika maktaba ya Gotha, Ujerumani, ukapotea wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ukaibuka kwenye mnada London mwaka 1950. Sasa uko kwenye makumbusho ya Royal Armouries, Leeds. Jifikirie: nakala moja tu duniani, haina nakala rudufu, inapita katikati ya vita. Anayefanya kazi kama yangu akisikia hivyo tumbo linamkata.

Kuna shule ya Wajerumani inayotajwa kwa jina la Johannes Liechtenauer, bwana wa karne ya 14. Yeye hatuna alichoandika kwa mkono wake. Tuna mashairi yake tu, nayo ni mafumbo matupu, yaliyofumbwa kwa makusudi ili asiyestahili asinufaike. Sisi watu wa Kiswahili hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Walimu waliofuata katika karne ya 15 waliandika ufafanuzi wa mashairi hayo, beti kwa beti, na bila ufafanuzi huo tungekuwa gizani. Mikao yao minne ya msingi ina majina ya kijijini kabisa: ng'ombe, plau, mpumbavu, na ule wa juu wanaoushika upanga begani au juu ya kichwa. Na nadharia yao nzima inazunguka maneno matatu: kabla, baada, na papo hapo. Mwenye kuanza ana "kabla". Anayejibu ana "baada". Na pale panga mbili zinapogusana, mwenye kuhisi mkononi kama mwenzake anasukuma au analegea, akatenda hapo hapo, ndiye mwenye "papo hapo". Aliyewahi kuandika programu zinazosubiriana ataelewa mara moja.

Mswada mmoja wa shule hiyo, uliopo Nuremberg na ambao kwa kawaida hupewa mwaka 1389, una jambo lililonifanya nicheke. Mwandishi wake anakiri kwamba kupigana hakuwezi kuelezwa vizuri kwa maneno na maandishi kama kunavyoweza kuonyeshwa kwa mkono. Halafu anaendelea kuandika. Kila aliyewahi kuandika mwongozo wa programu amepita hapo.

Wa tatu ni Mtaliano, Fiore dei Liberi, aliyeandika kitabu chake karibu na 1409 na kukiweka wakfu kwa mtawala wa Ferrara, Niccolò wa Tatu. Zimebaki nakala nne. Moja iko Los Angeles kwenye makumbusho ya Getty, moja New York, moja Paris, na moja mikononi mwa watu binafsi. Huyu ndiye ninayempendekeza kwa mtu wetu wa hapa, na sababu mojawapo ni ukurasa mmoja mashuhuri. Fiore amechora mtu amesimama katikati, amezungukwa na wanyama wanne, kila mmoja na sifa ambayo mpiganaji lazima awe nayo. Juu kuna linksi, paka mwitu wa kwao, ameshika bikari ya kupimia: huyu ni busara ya kupima umbali. Ubavuni kuna chui milia mwenye mshale: wepesi. Ubavu wa pili simba mwenye moyo: ujasiri. Na chini ya miguu ya mtu yule yuko tembo amebeba mnara mgongoni: uthabiti wa kusimama.

Tembo na simba! Tumewaweka kwenye noti na nembo zetu, na bwana wa Italia ya kaskazini amejenga nao somo la upanga miaka 600 iliyopita. Tembo wake anajisifu kwamba hapigi magoti, kwa kuwa Ulaya ya wakati ule iliamini tembo hawezi kukunja miguu. Mtoto yeyote aliyepelekwa kwenye mbuga na shule yake angeweza kumsahihisha. Lakini somo lenyewe ni la kweli: anayepoteza miguu amepoteza yote.

Wa mwisho ni Joachim Meyer wa Strasbourg, fundi wa visu kwa riziki yake, aliyechapisha kitabu kikubwa mwaka 1570. Kina mpangilio kuliko vyote, kama mtu aliyekaa akafikiria mwanafunzi ataanzia wapi. Michoro ya kitabu kile ilimgharimu pesa nyingi akaingia kwenye madeni. Alipata kazi kwenye nyumba ya mtawala huko Schwerin, akasafiri na vitabu vyake wakati wa baridi, akafariki Februari 1571 muda mfupi baada ya kufika. Mjane wake akaachiwa deni. Leo kitabu hicho kinasomwa na watu katika nchi nyingi na hakuna anayelipa hata senti. Nyie mnaofanya kazi za programu huria bila mdhamini, mmemtambua ndugu yenu?

Waliofufua mara ya kwanza, na mara ya pili

Watu wengi hudhani ufufuaji huu ulianza na intaneti. Sivyo. London, mwaka 1885, Egerton Castle alitoa kitabu kuhusu shule na mabwana wa upanga wa kale. Rafiki yake Alfred Hutton, mwanajeshi aliyewahi kutumikia India, akafuata na vitabu vyake mwaka 1889 na 1892, na wawili hao walipanda jukwaani kuonyesha mapigano ya zamani mbele ya watu. Mwaka 1887 Gustav Hergsell alichapisha mswada wa Hans Talhoffer wa 1467. Kazi ilikuwa nzuri. Lakini Hutton alifariki 1910, vita vikaja 1914, na moto ukazimika.

Kwa nini ulizimika? Mimi naona sababu ni ya kiufundi. Vitabu vilikuwa vichache, vimetawanyika kwenye maktaba za miji kumi tofauti, na kulinganisha nakala mbili kulihitaji nauli ya treni na barua ya utambulisho. Aliyekuwa na ujuzi alikuwa na mawazo yake peke yake. Alipokufa, yakafa naye. Ni kosa lile lile la zamani, silsila ya mtu mmoja mmoja.

Mara ya pili, kuanzia miaka ya 1990, hali ilikuwa tofauti. Maktaba zilianza kuskani miswada. Watu wasiofahamiana walianza kunakili maandishi ya kale herufi kwa herufi, kuyatafsiri, na kusahihishana. Leo kuna wiki inayoitwa Wiktenauer ambako unaweza kuweka nakala kadhaa za maandishi yale yale ubavu kwa ubavu, na tafsiri kando yake. Makumbusho ya Getty yameweka picha za mswada wa Fiore mtandaoni, uzitazame bure. Kijana wa Hamza mwenye simu na bando la siku moja anaona kurasa ambazo Hutton hakupata kuziona maishani. Sisemi hivi kwa kutia chumvi. Ni hesabu tu.

Na njia ya kazi nayo ni ile tunayoijua sisi. Unasoma. Unakisia mwandishi alimaanisha nini. Unajaribu polepole na mwenzako. Kisha unamwambia mwenzako asikusaidie, akukatae kwa nguvu zake, uone kama ulichokisia bado kinafanya kazi. Kikivunjika, unarudi kwenye maandishi. Nitoe mfano. Wajerumani wana pigo liitwalo Zwerchhau, linalopigwa kimlalo juu juu. Ufafanuzi wa karne ya 15 unataka kidole gumba kiwe chini, kwenye ubapa wa upanga. Ukilisoma umekaa kwenye kiti halieleweki. Inuka, shika fimbo, weka kidole pale walipokuambia, halafu geuza. Utaona kifundo cha mkono kinajipindua chenyewe, mikono inapanda juu, na kichwa chako kinakuwa kimefunikwa wakati huo huo unaopiga. Pigo na kinga ni tendo moja. Maneno hayakubadilika, ni mwili uliotafsiri.

Kuna mahali ambapo hata mwili hausaidii. Michoro ya I.33 haina vivuli wala umbali, na miguu imechorwa kwa mtindo wa zama zile, vidole vikielekea chini kama mtu anayeelea. Kati ya picha moja na inayofuata kuna hatua iliyoachwa. Hapo waaminifu husema: hii ni dhana yangu. Jihadhari na mwalimu asiyewahi kusema hivyo.

Upanga huo ulishafika kwetu

Sasa turudi nyumbani. Kuna anayedhani mambo haya yako mbali na historia yetu. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alizipiga Kilwa na Mombasa. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milan. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ngome hiyo ilizingirwa na Waomani mpaka ikaanguka. Katikati ya mazingira hayo, mwaka 1697, meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama chini ya ngome. Wanaakiolojia walianza kuichimbua mwaka 1977, na vitu vilivyotoka humo viko kwenye makumbusho ya Fort Jesus. Nauli ya basi au treni inakufikisha.

Kwa hiyo watu waliofundishwa sanaa hizi walitembea Mvita. Na mojawapo ya vitabu vyao tunacho. Diogo Gomes de Figueiredo, mwanajeshi wa Ureno, aliandika mwaka 1651 mafunzo ya montante, upanga mkubwa kuliko yote. Somo lake limepangwa kama orodha ya matatizo: ukiwa kwenye kichochoro chembamba ufanye nini, kwenye barabara pana ufanye nini, kwenye njia ya katikati ya merikebu, ukimlinda mtu aliye nyuma yako. Ukisoma hizo kanuni za kichochoro halafu utembee Mji wa Kale wa Mombasa, miguu inaelewa kabla ya kichwa.

Lakini hapa kuna jambo linalouma. Wareno walipigana na nani? Walipigana na watu wa pwani, kisha na Waomani pamoja na wenyeji. Watu hao nao walikuwa na panga, majambia, mikuki, pinde, na bila shaka walikuwa na walimu. Upande mmoja wa ukuta umeacha kitabu chenye kanuni zilizopangwa. Upande wa pili umetuachia nini mkononi? Lamu bado kuna kirumbizi. Wanaume wawili wanaingia katikati na fimbo, ngoma na zumari zinalia, wanapigana kwa mpangilio huku wengine wamewazunguka, katika maulidi na sherehe nyingine. Wengi tunauita mchezo wa ngoma. Mtu aliyesoma vitabu vya fimbo vya Ulaya akitazama kirumbizi anaona umbali, anaona kukinga na kujibu, anaona miguu. Swali lake linakuwa la kitaalamu: nani amechora hatua hizo, moja hadi ya mwisho?

Tawi hai liko Eastlands

Niliahidi tawi hai. Ni ndondi.

Mwaka 1719 hivi, James Figg alikuwa na shule yake London. Alifundisha upanga, fimbo na ngumi, vyote chini ya paa moja, kwa sababu kwake vilikuwa somo moja. Mwaka 1743 mwanafunzi wa mkondo huo, Jack Broughton, aliandika kanuni za ngumi. Mwaka 1747 Kapteni John Godfrey alichapisha kitabu kinachoeleza upanga na ngumi pamoja. Kanuni za Queensberry, zenye glavu na raundi za dakika tatu, zilikuja 1867. Ngumi ile ya mbele iliyonyooka, inayopima umbali na kumzuia mwenzako, ni binamu wa ncha ya upanga. Hata namna ya kusimama upande upande inatoka huko.

Sanaa hiyo ililetwa Kenya na wakoloni, kwa jeshi na polisi na shule, na kumbi za jamii za mitaa ya Nairobi zikaipokea. Wakenya hawakuipokea kama wageni. Steve Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978 huko Belgrade. Robert Wangila alileta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988. Kwa hiyo mtu wa Eastlands anayetaka kuona sanaa ya mapigano ya Ulaya ambayo haijakatika, inayotoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, haendi Ulaya. Atafute klabu ya ndondi iliyo karibu naye, akae kwenye benchi, atazame miguu.

Na upanga wenyewe nao umefika. Alexandra Ndolo, aliyezaliwa Ujerumani na baba Mkenya, alishinda fedha katika mashindano ya dunia ya vitara huko Cairo mwaka 2022 akiwa na timu ya Ujerumani. Mwaka huo huo akaamua kuiwakilisha Kenya, na mwaka 2024 huko Paris akawa Mkenya wa kwanza kushindana vitara kwenye Olimpiki. Mwanzoni mwa miaka hii ya 2020, Mburu Wanyoike alianzisha Tsavora Fencing Mtaani, klabu ya vijana wa pande za Mathare na Huruma. Huo ni mchezo wa Olimpiki, si HEMA. Sheria, silaha na malengo ni tofauti. Lakini barakoa ni barakoa, na umbali ni umbali. Anayetaka kuanza asiwapuuze.

Kuanza ukiwa Makadara

Haya, vitendo. Kwanza, chagua bwana mmoja na kitabu kimoja. Mimi nasema Fiore, kwa sababu picha zake ni nyingi na anaanza na mieleka na jambia kabla ya upanga. Usichanganye mabwana watano kwa mwezi mmoja. Kila mmoja ana msamiati wake, na neno moja linaweza kubeba maana mbili.

Pili, tafuta mwenzako mmoja. Huu si ujuzi wa kioo na peke yako. Sehemu ya kusoma ipo: tawi la maktaba ya McMillan lililoko hapa Makadara, linalojulikana kama Maktaba ya Eastlands, na lile la Kaloleni, ni mahali patulivu pa kukaa na daftari.

Tatu, vifaa. Usianze na chuma. Mpini wa jembe kutoka duka la vifaa kwenye barabara ya Jogoo unatosha kwa hatua na mikao, ukipunguzwa na kulainishwa na fundi seremala. Kwa kugusana, funika fimbo nyepesi kwa sponji nene. Kitu kimoja usikiwekee ubahili ni barakoa ya vitara yenye wavu wa chuma, ile halisi. Macho hayana nakala rudufu. Glavu nene na jaketi zito utazipata Gikomba. Mpaka muwe na barakoa wote wawili, nendeni polepole, na ncha isiinuke juu ya kifua.

Nne, na hili ni zito. Sisi si watu wa Gothenburg. Hapa Eastlands neno panga lina maana yake, na watu wameumizwa kwa panga usiku wakitoka kazini. Polisi naye akikukuta na kitu kirefu ndani ya gunia hatataka kusikia habari za Ferrara. Kwa hiyo fanyeni mazoezi mchana, ndani ya ukumbi au uwanja mlioomba ruhusa, msimamizi akijua mnachofanya. Beba fimbo na si kitu chenye makali. Jirani akiuliza, mwonyeshe picha ya tembo na mnara. Nimeona inafanya kazi kuliko maelezo yoyote.

Tano, andika. Kila mazoezi: tarehe, ukurasa, ulichokisia, kilichovunjika. Daftari la shilingi 50 linatosha.

Nyaraka zetu ziko wapi?

Sasa nirudi kwenye swali la majirani, hayo yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa njia hii. Wazungu wanafufua sanaa iliyokufa miaka mingi iliyopita kwa sababu padri mmoja, bwana mmoja wa Italia na fundi visu mmoja mwenye madeni waliandika. Walioandika ni wachache sana kulinganisha na waliojua. Waliojua bila kuandika, hata majina yao hatuna.

Sisi bado tuko upande mzuri wa mstari huo. Wazee wa kirumbizi wapo. Wapo wanaojua kushika sime na rungu kama walivyofundishwa na babu zao. Wapo makocha wa ndondi waliofundisha vijana wa mitaa hii kwa miongo mingi, ambao kila wanachojua kiko kwenye mikono na midomo yao. Hao ni seva zisizo na nakala. Na tofauti na padri wa I.33, sisi tuna simu.

Kazi si ngumu. Omba ruhusa ya mzee kwanza, na umweleze picha zitakwenda wapi. Mrekodi kutoka pande mbili, mbele na ubavuni, miguu ionekane. Mwombe afanye kila hatua mara tatu: polepole, kwa kasi yake, na akiwa na mtu anayempinga. Muulize jina la hatua hiyo kwa lugha yake, si kwa yako. Muulize inafanywa lini, na lini haifanywi, kwa kuwa hilo ndilo michoro ya kale huliacha. Andika aliyemfundisha ni nani, na aliyemfundisha huyo ni nani. Weka nakala mahali pawili, na moja umwachie mzee mwenyewe na familia yake, kwa maana ni mali yao.

Atakayefungua faili hizo miaka 600 ijayo hatajua Kiswahili tunachozungumza leo kwenye barabara ya Jogoo. Ataona miguu ya mzee kutoka pande mbili, atashika fimbo, na mwili wake utaanza kutafsiri. Mimi nimeanza na kocha mmoja mtaani kwetu. Mpaka sasa tumefika hatua ya kumi na moja, na anasema bado hajaanza kunifundisha.